Bei Isiyotangazwa

Ukitafuta mashine nzuri ya espreso ya nyumbani huko Marekani, utakuta bei moja kila unapogeuka. Linea Mini ya La Marzocco, ambayo kampuni hiyo ya Florence iliitoa mwaka 2015 kwa ajili ya jikoni za watu, inauzwa zaidi ya dola 5,000, na duka la Seattle na la New York huitangaza kwa tarakimu zilezile. Wengi wakiona hivyo hukata tamaa ya kupatana. Binamu yangu, muuguzi anayeishi Minnesota, alifikiri kinyume chake. Maduka yasiyo ya mmiliki mmoja yakilingana bei kiasi hicho, alisema, kuna mtu aliyeyalinganisha, na mtu huyo hayupo dukani.

Ni mtengenezaji. Watengenezaji wengi huwapa wauzaji wao kiwango ambacho bei ya tangazo haitakiwi kushuka chini yake, na duka linalokaidi hunyimwa mzigo. Sheria ya huko imelivumilia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1919, katika kesi ya Colgate, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mtengenezaji anaweza kutangaza masharti yake mapema na kukataa kumuuzia asiyeyafuata. Mwaka 2007, katika kesi ya Leegin iliyohusu bidhaa za ngozi za wanawake, mahakama hiyohiyo ikalegeza katazo la tangu 1911 kuhusu makubaliano ya kupanga bei ya chini ya rejareja. Nchi za Umoja wa Ulaya ni kali zaidi kwa mambo hayo, ndiyo maana sanaa ya kupatana ninayoisifu hapa ni ya Marekani hasa.

Sharti hilo lina sababu ya haki, na binamu yangu huanzia hapo. Muuzaji wa mashine hizi hulipa kodi ya duka, huweka kadhaa zikiwa zimewashwa kutwa nzima, huajiri fundi, na humfundisha mgeni kusaga, kushindilia na kupovusha maziwa. Kisha mgeni huyo hurudi nyumbani na kuagiza kwa mtu mwenye ghala tupu na kompyuta, kwa sababu kule ni rahisi kidogo. Bila sharti hilo, maduka ya aina ya kwanza yangekwisha. Lakini kinachofungwa mara nyingi ni tangazo tu. Bei ambayo muuzaji humtajia mteja wake kwa simu, au wamesimama wawili mbele ya mashine, imebaki mikononi mwake. Punguzo lipo, ila halina ruhusa ya kuandikwa ukutani.

Kwa hiyo kazi ya mnunuzi ni kumpa muuzaji sababu ya kulitoa. Hapo ndipo ninapompenda binamu yangu, kwa maana alisoma kabla ya kunyanyua simu. Alijua kwamba mashine nyingi za Italia za nyumbani, za watengenezaji tofauti, hutumia kichwa kimoja cha kutolea kahawa, E61, donge la shaba lenye kilo kama nne lililovumbuliwa na kampuni ya Faema mwaka 1961 na kupewa jina kutokana na kupatwa kwa jua mwaka huo. Alijua kuitofautisha mashine yenye boila mbili, moja ya kahawa na moja ya mvuke, na ile yenye boila moja. Alijua pampu ya kuzunguka ni kimya na ghali kuliko ya kutetema. Mtu mwenye maarifa hayo akisema anapima kati ya mashine hii na ile, muuzaji humsadiki, na hana haja ya kumdanganya kwamba duka jingine limempa bei ya ajabu. Uongo wa namna hiyo wauzaji wanaujua kwa sauti yake.

Alipiga katikati ya wiki, asubuhi, duka likiwa tulivu. Akauliza maswali mawili ya ufundi, akasikiliza majibu hadi mwisho. Kisha akasema: "Nimeshachagua. Nataka mashine hii pamoja na kisagio hiki, na nitalipa leo kwa uhamisho wa benki. Ukiviweka kwenye ankara moja, utanifanyia bei gani?"

Tazama kilichomo katika maneno hayo machache. Vitu viwili kwenye ankara moja humpa muuzaji nafasi ya kushusha jumla bila kugusa bei ya kimoja. Uhamisho wa benki humwondolea ada ya kadi, ambayo huko hufika asilimia 2 au 3, na kwenye dola 5,000 hiyo ni dola 100 hadi 150 ambazo sasa wanaweza kuzigawana. "Leo" humwambia kwamba simu hii si ya kupoteza muda. Na hakulitaja neno punguzo. Aliuliza bei, kama mtu anayeamini kwamba mwenzake ana uwezo wa kuamua.

Halafu akanyamaza, na hapo ndipo wengi hushindwa. Sisi tuliozoea masoko ya Kariakoo au Gikomba tuna mbinu zetu: kushangaa, kucheka, kugeuza mgongo ili tuitwe. Kwa muuzaji wa Marekani anayekokotoa ankara, kelele hizo ni bughudha, na ukiondoka hakuiti. Binamu yangu aliuacha ukimya ufanye kazi, akisikia vidole vikigonga kibodi upande wa pili.

Jumla ikashuka. Hakuishia hapo, wala hakuendelea kuikamua. Aliuliza kama kuna mashine ya maonyesho ya aina hiyohiyo. Hiyo ni hazina inayodharauliwa: imetumiwa na watu wanaojua kuisafisha, maji yake yamechujwa, na makovu yake mengi yako kwenye trei ya chini. La kuhakikisha ni kwamba dhamana inaanza siku ya kununua. Haikuwapo. Basi akageukia swali ambalo kwangu lina thamani kuliko punguzo lote: ikiharibika ndani ya dhamana, nani analipa usafirishaji, kwenda na kurudi? Mashine ya kilo thelathini huvuka majimbo kwa gharama kubwa, na wapo walioshangilia bei ya chini kisha wakakitumia chote walichookoa kulipia lori. Muuzaji alikubali kuibeba safari zote mbili, akaandika hivyo kwenye ankara.

(Anayeota kurudi na mashine yake Dar es Salaam au Mombasa aulize umeme kabla ya bei. Ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Umeme wa nyumbani kwetu ni kama volti 230 au 240.)

Zamani kulikuwa na njia nyepesi, kununua jimbo jingine ili kukwepa kodi ya mauzo. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2018 katika kesi ya Wayfair uliifunga kwa sehemu kubwa, na thamani ya mazungumzo mazuri ikapanda.

Kuna jambo ambalo binamu yangu hulikataa kabisa, nami niko upande wake: kukaa saa nzima kwenye duka la jirani, kuonja, kufundishwa, kisha kuibeba bei ya duka la mbali na kumpiga nayo huyo aliyekufundisha. Aliyefundishwa anunue pale, au aseme wazi kwamba hatanunua.

Na bei aliyopewa hajaitangaza popote. Punguzo la namna hii likisambazwa, mtengenezaji hulisikia, muuzaji huonywa, na anayefuata hapati. Hata mimi hakunitajia. Alinipa namba ya duka, akanisisitiza nisipige Jumamosi.