Nanga Hutiwa, Mnada Hupigwa: Kamusi Ianzie Wapi?

Mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, anaweza kukwambia kwa pumzi moja kwamba amepiga simu Ujiji kuulizia bei, amepiga hesabu, ameona mzigo ukipigwa mnada leo atakula hasara, basi amekata shauri aanike. Katika maneno yote hayo hakuna aliyechapwa, hakuna kilichotafunwa, wala kisu hakikutoka alani. Piga, kula na kata vimekaa tu mbele ya nomino na kuiachia mzigo wa maana. Ukimfutia "simu" na "hesabu" hapo, msikilizaji hajui tena kilichotendeka. Ukimfutia "piga", pengine atabahatisha.

Wanaofundisha Kiswahili kwa wageni hupenda kusema kwamba piga ina maana nyingi. Mimi naona ina maana chache sana, ila ina marafiki wengi. Ikiwa na pasi, mswaki, deki au kasia, inachukua kazi ya kile chombo. Ikiwa na chafya, kelele au mbizi, inabeba ile hali ya kitu kutokea kwa mara moja na kwa nguvu. Ndiyo maana mtu hupiga mbizi lakini haogelei kwa kupiga.

Namna jozi hizi zilivyoungwa huonekana vizuri ukizigeuza. Tunasema "nguo zimepigwa pasi" na "dagaa wamepigwa mnada". Nguo na dagaa wamepanda mbele ya sentensi, lakini pasi na mnada vimebaki palepale nyuma ya kitenzi, kama sehemu ya mwili wake. Hata kiambishi cha mtendwa hakiendi kwa nomino hizo zilizobaki nyuma: "suruali ameipiga pasi", na hiyo "i" ni ya suruali. "Amempiga picha", na huyo "m" ni aliyesimama mbele ya kamera. Sasa jaribu simu. "Amempiga simu" itakupeleka polisi, maana aliyepigwa kapigwa kwa kifaa chenyewe. Lazima iwe "amempigia". Pasi humfikia mtendwa moja kwa moja, na picha vivyo hivyo, lakini simu hupelekwa kwake, kwa hiyo kitenzi kinadai kauli ya kutendea. Hakuna mtoto wa Kigoma aliyefundishwa hili darasani, na hakuna anayelikosea.

Kipimo kingine ni kuitia nomino kivumishi. "Amepiga simu ndefu" inakubalika bila shida. "Amekata tamaa kubwa" inakwama kooni. "Imetia nanga kubwa" inakubalika, ila ghafla tunazungumzia chuma chenyewe na uzito wake, si meli kufika. Kwa hiyo jozi hizi hazikuganda sawasawa: simu bado inapumua, tamaa imeshikamana na kata kabisa, na nanga iko katikati. Mtazame mwandishi wa habari anayeandika kuwa meli imetia nanga katika bandari ya Kigoma. Meli imefungwa kwa kamba gatini, nanga haijagusa maji. Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiwa ya Wajerumani na kuanza safari kwa jina hili mwaka 1927, ilizoea kusimama mbele ya vijiji visivyo na gati, abiria wakafuatwa kwa mitumbwi. Huko nako watu walisema imetia nanga, iwe kweli au si kweli. Meli ikiondoka, imeng'oa nanga. Na ligi ya soka, ambayo haijawahi kuona ziwa, nayo kila msimu hung'oa nanga magazetini.

Vivumishi nitavipitia haraka, kwa kuwa Kiswahili hakina vingi. Kwa Mwingereza mvua ikizidi ni nzito na chai ikikolea ina nguvu. Kwetu mvua ni kubwa, usingizi ndio mzito, giza ni nene, na upepo ni mkali sawa na mbwa, jua na pilipili. Ziwa likiwa na mawimbi limechafuka, hata kama maji yake yanang'aa hadi mchangani.

Sasa kamusi. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, alizirundika jozi za piga chini ya piga, na waliomfuata wengi wakashika njia hiyo. Kwa msomaji anayetaka kuelewa alichokisoma, sawa. Kwa anayetaka kuandika, ni mlango wa nyuma. Anayeandika huanza na kitu: ana kiapo, ana rufaa, ana njama, anatafuta kitenzi chake. Akifungua "kiapo" huenda asipate kwamba huliwa. Akikosa, lazima ajue kula kwanza ndipo akakipate kiapo humo. Waliotunga kamusi za jozi za Kiingereza walikwisha kuliona hili. Ile ya Morton Benson, Evelyn Benson na Robert Ilson ya mwaka 1986, na ile ya Oxford ya mwaka 2002, zinamwongoza mwandishi kutoka kwenye nomino kwenda kwenye kitenzi. Sioni sababu ya sisi kuendelea kinyume, hasa kwa lugha ambayo kitenzi kimoja kina wenzi wengi kiasi hiki.

Uharaka upo, kwa sababu fanya na chukua vinameza vitenzi vingine. "Chukua hatua" imeshaingia, na siigombi. Lakini vijana sasa "wanachukua" picha, na ripoti zinaandika kwamba wananchi "wanafanya shughuli za uvuvi" mahali ambapo wananchi wenyewe wanavua. Mwandishi asiyejua mwenzi wa nomino yake huipa fanya, kwa kuwa fanya haikatai mtu.

Ingizo la "ziwa" lingeonyesha faida ya kuanzia kwenye nomino. Lingeanza na chafuka na tulia. Kisha lingefika mwaka 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Lugha ya ofisi ilikuwa kupumzisha shughuli za uvuvi. Mitaani watu walisema ziwa limefungwa, na Agosti wakasema limefunguliwa. Mtunga kamusi angeandika zote mbili, aonyeshe ipi ni ya tangazo na ipi ni ya mwaloni, na mwandishi achague akijua anamwandikia nani.