Rangi ya Tatu: Uhakiki wa Picha Nyeusi na Nyeupe katika Nyumba za Makumbusho

Makala haya yanakusudia kujadili picha nyeusi na nyeupe zinazopigwa kwa filamu ndani ya nyumba za makumbusho, pamoja na maelezo yanayoandikwa chini yake. Hoja yetu ni kwamba picha ya namna hii, ikiachwa peke yake, husema kwa hu-: haionyeshi wakati wala haimtaji mtenda. Mwenzetu atakayeona kuwa hili ni suala la wapiga picha na si la wanalugha, tunamwomba avumilie kidogo.

Mfano wetu wa kwanza ni wa nyumbani. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, niliingia katika nyumba moja ya makumbusho nikiwa na kamera ya filamu, nikamaliza fremu zote 36. Mojawapo ilikuwa ya ukanda wa shanga uliotoka Taita. Niliporudi Mbololo nilimwonyesha nyanya yangu picha hiyo. Aliigeuza, akaisogeza karibu na dirisha, kisha akauliza: "Na nyekundu yake wameipeleka wapi, mjukuu wangu?" Hakuuliza umri wa ukanda wala jina la jumba lililouhifadhi. Shanga za namna ile anazijua tangu utoto wake, na anazijua kwa rangi.

Si haki kumlaumu mpiga picha kabla ya kusikia utetezi wake. Taa za makumbusho hupunguzwa mno, kiasi cha laksi 50 hivi kwa nguo na vitu vilivyotiwa rangi, kwa kuwa mwanga huchujusha. Na mara nyingi mwako wa kamera hukatazwa kabisa. Filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400 inaweza kupigwa kana kwamba ni ya 1600, mradi muda wa kuisafisha katika dawa uongezwe. Tena haisumbuliwi na mchanganyiko wa mwanga wa dirishani na wa balbu, ambao huipa filamu ya rangi umanjano au ubuluu usiotakiwa. Kwa hiyo anayeichagua hafanyi madaha tu.

Lakini tazama kinachopotea. Filamu za zamani zilizoitwa othokromatiki hazikuhisi mwanga mwekundu, hivyo chekundu kilitokea cheusi. Zile za pankromatiki zinauhisi, ila zinaugeuza kijivu, na kijivu hicho chaweza kulingana kabisa na kile cha kijani kilicho kando yake. Sasa, kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua upatanisho wa ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine twaziazima kutoka kwa vitu: ya majani, ya kijivu, ya udongo. Filamu imebakiza mbili katika tatu hizo, na iliyoiacha ndiyo aliyoidai nyanya. Swali lake, kwa maoni yangu, lilikuwa uhakiki mzuri kuliko kurasa kadhaa nilizosomeshwa darasani kuhusu "mvuto wa vivuli".

Tuje sasa kwenye hu-. Twasema: mimi husoma, wewe husoma, wao husoma. Kiambishi cha nafsi kimeondoka, na nomino au kiwakilishi kikidondoshwa, ni muktadha pekee utakaotuambia nani anasoma. Wakati nao hauna mwanzo wala mwisho. Katika methali hili ni jambo jema. Maji hufuata mkondo jana, leo na kesho. Katika maelezo ya makumbusho ni hatari. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa mfano: "Wataita huhifadhi mafuvu ya wazee wao mapangoni." Iweke chini ya picha ya kijivu, na msomaji ataamini kwamba akipanda milima yetu kesho atatukuta kazini.

Ukweli una tarehe. Zamani fuvu la mzee aliyeheshimiwa lilifukuliwa baada ya muda, yapata mwaka mmoja, likawekwa pangoni pamoja na ya jamaa zake. Wamishonari wa CMS walifika Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki wakafika Bura mwaka 1892, na kadiri Ukristo ulivyoenea desturi hiyo ilififia. Mapango yapo bado, na baadhi yake wageni hupelekwa kuyaona wakiwa na kamera zao.

Si mafuvu yote yaliyobaki mapangoni. Mengine yamo Cambridge. E. Kitson aliyachunguza katika makala yaliyotoka mwaka 1931 katika jarida la Biometrika, baadaye W. W. Howells wa Marekani akapima 83 na kuyaingiza katika kitabu chake cha 1973 kuhusu tofauti za mafuvu ya binadamu. Katika majedwali wanaitwa "Teita", wanaume upande huu na wanawake upande ule. Mwandishi wa Kiswahili akiulizwa habari zao atashawishika kuandika kwamba mafuvu hayo "yalipatikana Taita". Hapo kauli ya kutendeka imefanya kazi ileile ya hu-, kwani haimruhusu mtenda kutajwa: yalipatikana, basi, kama uyoga baada ya mvua. Kuna aliyeingia pangoni akayatoa, na kitenzi chetu kimemfunika.

Fuvu la pangoni na fuvu la rafuni, vikipigwa kwa filamu hiyo moja, vinatoka na kijivu kimoja. Picha haitatutenganishia kaburi na ghala. Kazi hiyo ni ya sentensi iliyo chini yake, nayo yahitaji -li- pale jambo lilipokwisha, -na- pale linapoendelea, na kauli ya kutenda pale mtenda anapojulikana.

Ile picha ya ukanda ninayo bado mezani. Nyuma yake nimeandika kwa penseli: "Mwanamke wa Taita aliutunga ukanda huu. Shanga zake ni nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyekundu haionekani hapa." Nafasi ya jina lake nimeiacha wazi.