Pichi 21 Haikuwa ya Boti Ile

Uamuzi wa kuivisha propela ya pichi 21 (inchi 21 za kusonga mbele kwa kila mzunguko) boti ya kibanda ya futi 24, yenye injini moja ya farasi 150, ulikuwa mbaya tangu gereji, kabla boti haijashushwa majini. Waliosimama gati la English Point, Mombasa, siku ya majaribio waliona nusu tu ya habari. Boti ilitoka na watu wawili, tangi likiwa robo, ikalipita Fort Jesus kwa mwendo wa kupendeza, na mita ya mizunguko ikasimama kwenye 4,800. Mwenye boti akarudi ameridhika. Kasi imeongezeka kidogo, alisema, na injini sasa haijichoshi.

Nusu ya pili ilionekana wikendi iliyofuata, walipopanda watu wanane.

Omo ilinyanyuka, tezi ikakaa chini, mkono wa mafuta ukasukumwa mpaka mwisho, na mita haikuvuka 4,200. Boti haikupanda juu ya maji hata mara moja. Ilikwenda ikilima bahari mpaka nje ya mwamba wa Nyali, kusi likiipiga ubavuni, petroli ikiteketea, na kila aliyekuwa ukingoni aliweza kusikia kwa masikio yake jinsi injini ilivyokuwa ikilemewa. Boti hiyohiyo, kwa propela yake ya zamani ya pichi 17, ilikuwa ikifika 5,600 ikiwa tupu na 5,100 ikiwa na abiria. Haikuwa na ubaya wa kutafutiwa dawa ya aina hii.

Jibu lilikuwa ndani ya kitabu cha injini. Injini za daraja hili, F150 ya Yamaha ikiwa mfano, zimepangiwa kufanya kazi kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika pale mafuta yanapofunguliwa yote. Kila inchi moja ya pichi inayoongezwa hupunguza mizunguko 150 hadi 200. Inchi 4 ni mizunguko 600 hadi 800. Aliyeanza na 5,100 akiwa na mzigo, akatoa 800 au hata zaidi, alitarajia kufika wapi? Malalamiko ya mwanzo ya mwenye boti yalikuwa kwamba chombo ni kizito kuinuka kikiwa na watu. Kwa malalamiko hayo propela hushushwa, ikaenda 15. Yeye aliipandisha.

Kilichompotosha ni imani iliyoenea toka Mtongwe hadi Mtwapa, nayo safu hii imeipiga vita muda mrefu: kwamba mizunguko ikipungua injini inapumzika. Hupumzika mafuta yakipunguzwa. Mafuta yakiwa wazi yote na mizunguko ikawa chini, injini imebanwa, sawasawa na lori linalopandisha Mazeras kwa gia ya juu. Joto na shinikizo ndani ya silinda hupanda, petroli hugongesha, kaboni hujijenga juu ya pistoni. Kwenye dizeli dalili huonekana wazi zaidi, moshi mweusi unaofuata chombo mkondo mzima. Injini haifi siku hiyo, na kwa hiyo hakuna anayeilaumu propela. Lawama huja kwa fundi miezi mingi baadaye, baada ya pistoni kutoboka.

Sasa uzito. Watu wanane wa kilo 75 ni kilo 600. Lita 300 za petroli ni kilo 220 hivi. Ongeza barafu, maji ya kunywa na mizigo, umekaribia tani moja, na sehemu kubwa yake haikuwamo siku ya majaribio. Kumjaribia mtu propela boti ikiwa tupu ni kumpimia chombo asichokitumia. Pwani hii ndiyo ya mwisho kustahili kufundishwa kuhesabu uzito: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu 272. Yale yalikuwa makubwa kuliko propela, lakini tabia ya kutohesabu wanaopanda ndiyo ileile, na inaudhi kuikuta hai kwenye magati mapya.

Wazee wa kazi hii hawakubahatisha. Francis Pettit Smith, mkulima wa Hendon, Uingereza, aliifunga boti yake ndogo parafujo ya mbao yenye mizingo miwili kamili. Mwaka 1837, wakiwa kwenye mfereji wa Paddington, kipande cha parafujo kikavunjika, ukabaki mzingo mmoja, na boti ikaongeza mwendo palepale. Smith hakurudisha alichokipoteza. Aliyaamini maji kuliko mchoro wake, na kutokana na somo hilo ikajengwa meli ya Archimedes. Mhandisi Brunel naye alipotaka kuamua kuhusu meli yake ya Great Britain, aliiazima Archimedes kwa miezi kadhaa akajaribu propela za maumbo mbalimbali kwanza, na hata baada ya hapo propela yake ya mapanga sita ilivunjikavunjika, ikabadilishwa na ya mapanga manne. Hao walikuwa wanaanza kutoka gizani. Leo ipo mita ya mizunguko kwenye dashibodi, ipo GPS ndani ya simu, na bado propela inachaguliwa kwa sababu jirani anayo.

Chombo cha injini moja kina sheria yake. Hakina injini ya pili ya kukirudisha nyumbani, kwa hiyo injini hiyo moja haipaswi kubanwa kila siku. Tena lipo jambo la mwendo wa chini, ambalo wauzaji hawalitaji. Ukiingiza gia bila kuongeza mafuta, kwa mizunguko 700 na giaboksi ya mbili kwa moja, pichi 17 inataka kwenda noti 4.9, pichi 21 inataka noti 6. Mteleko wa propela majini utapunguza kiasi, lakini tofauti inabaki. Noti moja hiyo ni kubwa mno unapoingia gatini maji yakitoka kwa bamvua, au unapopaswa kungoja feri za Likoni zikatishe mlango wa Kilindini. Na ukitaka kuzikwepa haraka, propela nzito inakunyima msukumo wa kuondokea. Imeharibu pande zote mbili.

Halafu chuma cha pua. Kinang'aa, kina mapanga membamba, hakipindi kirahisi, na mbele ya wageni kinapendeza. Kwa boti ya mashindano kwenye maji ya kina, sawa. Lakini huku Kisauni na Likoni boti hupita juu ya matumbawe maji yakipwa, na panga la alumini likigonga jiwe hupinda lenyewe, likapunguza kishindo kinachofika kwenye shafti na gia. Chuma cha pua hukipitisha. Mpira wa kati ya propela umewekwa kusaidia, ila hauwezi kila kitu. Alumini mbili, moja ikiwa akiba chini ya kiti pamoja na nati na pini yake, zingemfaa mwenye boti hii kuliko chuma kimoja cha bei.

Na ile ya zamani ya pichi 17, ikipinda, isinyooshwe kwa nyundo juu ya kipande cha reli, kama inavyofanywa vichochoroni mara nyingi mno. Panga moja likitofautiana na mengine, propela hutikisika, sili ya shafti huvuja, na maji ya chumvi huingia kwenye oili ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, uharibifu umeshaanza.

Fundi aliyeifunga injini aliipa kimo sahihi na kukaza maungio vizuri; kazi safi.

Tako la boti lilikuwa limesuguliwa pia, na hilo ni sifa. Manahodha wa majahazi walipaka deheni chini ya chombo kabla ya msimu kwa kuwa walijua uchafu unakula mwendo, na mwenye boti mwenye injini ambaye hupaka rangi ya kuzuia viumbe wa baharini mara moja, kisha akasahau, hana haki ya kuitilia shaka propela yoyote. Huyu hakusahau. Ndiyo maana uamuzi wake wa pichi unauma zaidi: aliondoa sababu nyingine zote za uzito, kisha akauleta mwenyewe.

Anayetaka kuikomboa boti hii aanze kwa kuitoa pichi 21. Avishe ya alumini, pichi 15, kipenyo kilekile. Kama atakuwa akitoka nje ya mwamba miezi ya kusi, ajaribu pia ya mapanga manne, kwani hushika maji vizuri zaidi mawimbini na kuinua tezi mapema, ingawa kilele cha kasi hupungua kidogo. Kisha ajaze tangi, apandishe watu wanane wenye maboya yao, aweke na barafu, atoke mlangoni maji yakiwa yamesimama ili mkondo usimdanganye, afungue mafuta yote, asome mita. Ikisoma kati ya 5,400 na 5,800, propela ni hiyo. Ikisoma chini ya 5,000, arudi gatini na ashushe tena, hata kama boti inaonekana inakwenda.