Neno Moja, Kazi Mbili: "Uthibitishaji"

Wafasiri wa maandishi ya kompyuta wamelitwika neno "uthibitishaji" mizigo miwili. Programu moja inapopeleka ombi kwa nyingine, mlangoni huulizwa kwanza: mwombaji ni nani? Kisha: je, maelezo aliyoleta yamejazwa sawasawa? Kanuni za HTTP za mwaka 2022 hutenga makosa hayo kwa tarakimu: 401 kwa asiyetambulika, 400 kwa ombi lenye umbo lisilo sahihi. Katika tafsiri, yote mawili huwa "uthibitishaji umeshindikana". Basi karani aliyekosea kuandika tarehe hubadilisha neno lake la siri bure. Kosa hilo si dogo. Twapendekeza "utambuzi" kwa la kwanza na "uhakiki" kwa la pili, ingawa wahakiki wa fasihi watanung'unika.