Casualty: Jumamosi Zetu na Hospitali Isiyokuwepo

Kila mmoja wetu ana kitu kilichomfundisha nchi hii. Wengine watataja kitabu, wengine mwalimu. Mimi ni mhandisi wa mitambo, nasema bila haya kwamba kilichonifundisha Uingereza ni tamthilia ya luninga: Casualty.

Nilifika Birmingham mwaka 1990 kusoma chuo, kijana wa Tanga mwenye koti la kuazima. Jumamosi usiku wapangaji wenzangu walikuwa na pa kwenda. Mimi sikuwa na pa kwenda wala senti. Nikabaki na luninga ya sebuleni. Casualty ilikuwa imeanza BBC One tarehe 6 Septemba 1986, kazi ya watunzi wawili, Jeremy Brock na Paul Unwin. Mji wake, Holby, haupo kwenye ramani yoyote. Picha zilipigwa Bristol, na mwaka 2011 wakahamia Cardiff. Mwanzoni ilihusu zamu ya usiku: muuguzi Charlie Fairhead na wenzake, akina Duffy na Megan, wakipokea majeruhi wakati mji umelala.

Kwa nini ilinishika? Tazama ilivyojengwa. Kwa kawaida kipindi huanza mbali na hospitali. Chukulia baba yupo juu ya ngazi, jirani anawasha jiko, mama anagombana na binti yake huku anaendesha gari. Mtazamaji unajua kwamba mmoja wao ataishia kwenye machela, ila hujui nani. Unaanza kukisia: ngazi ile haijashikiliwa, gari lile linakwenda kasi. Na mara nyingi anayeumia siye uliyemdhania.

Mchana chuoni tulifundishwa kwamba chuma mara nyingi hakikatiki ghafla. Hutangulia ufa mdogo, nao hukua kidogo kidogo kila mzigo unapopanda na kushuka, mpaka siku moja mzigo wa kawaida tu unakivunja. Usiku nikaona kanuni hiyo hiyo kwa binadamu: uchovu, deni, uongo mdogo, breki iliyoahirishwa kutengenezwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga wetu walishayasema haya bila maabara.

Watunzi walikuwa na hoja pia. Huduma ya Afya ya Taifa, NHS, ilianzishwa mwaka 1948, na walipokuwa wakiiombea tamthilia yao nafasi mwaka 1985 waliandika kwamba ndoto ile imechanikachanika. Ndiyo maana miaka ya mwanzo unaona wauguzi hoi na fedha hazitoshi. Wanasiasa wa chama tawala cha Conservative walinung'unika. Kwangu mimi, niliyetoka kwetu ambako tamthilia ya redio hutumika kuelimisha watu, kama Twende na Wakati iliyoanza Radio Tanzania mwaka 1993, haikuwa ajabu mchezo kubeba ujumbe. Ajabu ilikuwa mchezo wa shirika la umma kuisema serikali.

Sasa kasoro zake. Miaka ilivyokwenda, ajali zilizidi ukubwa na sababu zikazidi udogo. Milipuko ikaongezeka, na mapenzi ya madaktari yakachukua nafasi ya wagonjwa. Hata hivyo ilijua kurudi kwenye ufundi wake. Tarehe 29 Julai 2017 walitoa kipindi kilichopigwa kwa kamera moja bila kukatwa, dakika 48 hivi, kikiandikwa na Unwin mwenyewe. Hapo ungeona chumba cha dharura kama mtambo unaofanya kazi, kila mkono unategemea mwingine.

Lakini mkosoaji mkali zaidi nilikuwa naye kochi moja. Mama watoto ni muuguzi, na kwa miaka mingi alifanya zamu za usiku. Alikuwa akiicheka. "Mbona hakuna anayejaza fomu? Mbona hakuna anayesubiri basi saa kumi na mbili asubuhi kwenye baridi? Mbona hakuna anayepigiwa simu kutoka nyumbani kwamba ada ya mtoto imepungua?" Sikuwa na jibu. Watu weusi walikuwemo tangu mwanzo, na Ash, muuguzi aliyeigizwa na Patrick Robinson kuanzia 1990, nilimpenda sana. Ila zamu nzima ya maisha yetu, ile inayoanza baada ya kuvua sare, haikuonekana.

Halafu ikaja korona. Tarehe 2 Januari 2021 Casualty ilirudi na kipindi cha janga lile, na Noel, mtu wa mapokezi aliyeigizwa na Tony Marshall, akafa. Si daktari bingwa, ni mtu wa mapokezi! Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Kazini kwao walikuwa wamemzika mbeba wagonjwa aliyekuwa akimsalimia kila usiku. Hakucheka. Alisema, "Huyu wamemjua," akaketi akatazama mpaka mwisho. Chai ikapoa.

Tangu siku hiyo sibishani na wanaosema tamthilia ni upuuzi. Ndiyo, ilikosea mengi, lakini siku tuliyoihitaji ilimtaja mtu ambaye taarifa ya habari ilimhesabu tu.

Sasa zinaondoka moja moja. Holby City, mtoto wake, ilizimwa Machi 2022. Doctors, iliyopigwa picha hapa hapa Birmingham, Selly Oak, ilimalizika Novemba 2024. Casualty yenyewe imebaki, lakini Charlie, aliyeigizwa na Derek Thompson tangu siku ya kwanza, aliaga tarehe 16 Machi 2024. Tuliketi wawili, watoto wameshahama. Mama watoto akauliza, "Huyu kafanya miaka mingapi?" Nikamwambia zaidi ya thelathini na saba. Akatikisa kichwa: "Na pensheni je?"

Wasalaam kutoka Hodge Hill.