Giza Lenye Subira: Namna ya Kuipima Albamu ya Metali ya Huzuni

Mkenya anayedai hana sikio la muziki wa huzuni ameusahau wimbo wake wa taifa. Sauti ile tunayoisimamia wima tangu 1963 ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa mto Tana, huu unaopita kwetu Idsowe. Wanamuziki watano walioutengeneza wimbo wa taifa, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, waliuacha na unyonge wake. Usikilize bila maneno: ni sauti ya mtu anayembembeleza mwingine huku naye ana lake moyoni. Naanza hapo kwa sababu huku Garsen nikitaja muziki wa metali huambiwa hizo ni kelele za Wazungu. Kelele zimo, sikatai. Lakini metali ya giza, hasa ile ya mwendo wa pole iitwayo dumu (doom), hujengwa kwa vitu hivyohivyo: sauti chache, zinazorudiwa kwa subira, na jambo linalomuuma mwimbaji.

Kwanza pima uzito, na usiuchanganye na ukubwa wa sauti. Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, Birmingham, akiwa kijana wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvaa vidoleni, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Katika Master of Reality, albamu ya 1971, nyuzi zimelegezwa hasa, na gitaa linashuka chini mpaka linasikika kifuani. Uzito ule ulitokana na maumivu na ufundi wa kuyazunguka. Basi ukisikia albamu ambayo kila chombo kimepandishwa mpaka juu tangu sekunde ya kwanza, jua fundi ameogopa kimya. Punguza sauti ya simu hadi karibu na mwisho, usikilize tena. Nzito ya kweli hubaki nzito hata ikinong'ona, na nyingine zote hugeuka mlio wa mbu.

Subira ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na mtu wa Idsowe hahitaji kufundishwa. Mafuriko ya Tana hayangoji mvua ya hapa. Mvua hunyesha Aberdare na Mlima Kenya, na baada ya siku kadhaa, huku kwetu jua likiwaka, maji yanaingia shambani. Dumu nzuri huja vivyo hivyo. Mirror Reaper ya Bell Witch, wawili wa kutoka Seattle, ni wimbo mmoja wa dakika 83, uliotoka 2017. Hauna gitaa la kawaida. Ni besi, ngoma, kinanda na sauti za watu. Katikati ya kazi hiyo mpiga ngoma wao wa zamani, Adrian Guerra, alifariki, na sauti yake iliyokuwa imerekodiwa tangu awali ikawekwa ndani ya wimbo. Marehemu anaimba katika maombolezo yake mwenyewe. Albamu za dakika 80 ziko nyingi, na nyingi ni uvivu mtupu. Hii ina sababu ya kila dakika, nawe unaisikia sababu hiyo hata kabla hujaambiwa.

Kuhusu koo: mngurumo wa mwimbaji wa metali ni chombo kama vyombo vingine, kina fundi na kina mwanagenzi. Wanabendi wa Katatonia walipotengeneza Brave Murder Day, 1996, mwimbaji wao Jonas Renkse hakuweza tena kunguruma, wakamwita Mikael Åkerfeldt wa Opeth. Hawakulazimisha koo bovu, na albamu ikanusurika. Ila mgeni wa muziki huu nisingempeleka huko kwanza. Ningempa Turn Loose the Swans ya My Dying Bride, ya 1993, inayofungua kwa kinanda, fidla na sauti tupu. Au Watching from a Distance ya Warning, ya 2006, ambamo Patrick Walker anaimba wazi wazi, bila mngurumo hata mmoja, kama mtu anayesoma barua asiyotaka kuimaliza. Hii ya pili siishauri kwa aliyeachwa majuzi.

Majalada yasikuhadae. Fuvu, mshumaa na jeneza ni rahisi kuchora. Agalloch, katika The Mantle ya 2002, walitumia fuvu la paa kama chombo cha kugonga, na mlio wake mkavu una kazi katika wimbo. Fuvu la namna hiyo nalikubali.

Sasa nyumbani kwetu. Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, walirekodi Kampala mwaka 2019, na albamu yao ikatolewa na Nyege Nyege Tapes mwaka uliofuata. Ni giza, tena giza zito, lakini si huzuni: ni mashine, mayowe na mwendo wa matatu isiyo na breki. Wengi huichanganya hasira na majonzi, na hapo ndipo mapendekezo mengi hupotoka. The Adept, aliyoitoa Khanja 2024 kwa jina la Lord Spikeheart, imekwenda mbali zaidi. Ameitoa kwa heshima ya Field Marshal Muthoni wa Kirima, mzee wa ukoo wake aliyepigana msituni na Mau Mau na kufariki 2023. Humo hasira imepata wa kumlilia, na ndiyo maana naiweka juu ya Duma. Uganda wako Vale of Amonition, wana dumu hasa. Those of Tartarean Ancestry ina marefu na mapana, japo sauti ya kurekodiwa ni nyembamba kuliko nyimbo zenyewe.

Usizisikilize kazi hizi kwenye spika ya bodaboda, wala kwenye wufa inayotikisa bati. Besi itageuka uji. Shusha albamu nzima ukiwa mjini Garsen kwenye mtandao mzuri, vaa hedifoni, zima taa, usiruke wimbo. Ikiwa una pesa ya albamu moja tu, nunua The Adept, kwa sababu msanii ni wetu na pesa itamfikia. Ikiwa una usiku mmoja tu, basi ni Mirror Reaper. Na kijana wa Tana mwenye gitaa na anayezijua nyimbo za bibi yake, dumu ya mto huu bado haina mwenyewe: ianze wewe.