Kwenye kilio cha Profesa nilifika mikono mitupu

Ndugu wahitimu na ninyi mnaopambana bado na memware, leo nataka kuongea juu ya namna tunavyolilia watu wakubwa. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, sababu si vizuri mutu kuchambua machozi ya wengine akiwa ameficha yake.

Mwezi wa nne 2025 habari ilifika: Valentin-Yves Mudimbe amekufa kule Marekani, miaka 83. Mtoto wa Likasi, enzi ile mji ukiitwa Jadotville. Aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 70 na kuongoza Fakilte ya Barua, kisha akaondoka nchini wakati utawala wa Mobutu ulipotaka kumuweka katika Kamati Kuu ya MPR. Aliyefundisha baadaye Stanford na Duke. Ile siku nilikuwa na mega kidogo zimebaki. Nikatafuta picha yake, ile ya miwani, nikaiweka kwenye statusi na maneno haya: maktaba imeungua, pumzika kwa amani Profesa, Afrika inalia. Ndani ya saa moja watu wengi walikuwa wameipenda. Nikajisikia vizuri, kusema kweli.

Halafu yaya mmoja, aliyenitangulia kampasi miaka mingi, akaniandikia pembeni: «Mudogo, ulishasoma kitabu yake gani?»

Nilikaa na simu mkononi. Jibu la kweli lilikuwa: hata kimoja. Nilisoma fotokopi ya kurasa sita ndani ya silabusi, tena siku ya kuamkia mtihani. Na kuna kibaya zaidi. Ndani ya memware yangu, sehemu ya vitabu nilivyotumia, kuna The Invention of Africa, 1988. Kitabu hicho aliandika kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha kusalimia. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka Présence Africaine mwaka 2021 tu, miaka 33 baadaye. Mimi nilitetea memware kabla ya hapo. Hesabuni wenyewe. Nilikopi sentensi moja kwa memware ya mwenzangu, naye sijui alikopi kwa nani. Jury haikuuliza.

Basi nilimlilia mutu niliyemtaja bila kumjua. Na nikatazama statusi za wenzangu, nikaona si mimi peke yangu.

Wengine watasema: acha bwana, kilio ni kilio, hakuna mtihani wa kuingia. Na wengine, hasa wakubwa wetu, watasema kinyume: vijana wa leo machozi yao ni ya uongo, wanalilia watu wasiowajua hata kwa sura. Mimi sikubaliani na wote wawili. Kwanza hawa wa pili.

Mukumbuke Papa Wemba. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2016 alianguka jukwaani Abidjan, kwenye tamasha la FEMUA, wachezaji wake wakiendelea kucheza mbele kwa sababu hawakuona nyuma kuna nini. Miaka 66. Asubuhi ile nchi ilisimama. Mwili ulirudi Kinshasa siku nne baadaye, watu wakaja kumuaga Palais du Peuple, wana-Sape wakavaa kama yeye alivyowafundisha, na tarehe 4 Mei akazikwa. Kwetu hapa Katanga, mbali na Kinshasa, mama jirani aliyeuza makala alifunga biashara yake siku ile. Hakuwahi kumuona Wemba kwa macho. Lingala yake ilikuwa ya kuokoteza. Lakini siku ya ndoa yake wimbo wa Wemba ndio ulipigwa, na bwana yake alishakufa. Alipokaa chini akalia, alijua analia nini. Nani atamwambia kwamba machozi yale ni ya uongo? Mutu anaweza kukaa ndani ya maisha yako miaka 30 bila kukanyaga mlango wako. Akifa, kuna kitu chako kimekwenda naye. Kwa hiyo kumlilia msanii usiyemjua si upumbavu.

Sasa hawa wa kwanza, wanaosema kilio hakina mtihani. Kinao. Kila mutu aliyelala kilio anajua. Ukifika, hakuna anayekuuliza, lakini wote wanatazama mikono. Huyu ameleta gunia la makala, huyu unga, huyu falanga kidogo ndani ya bahasha. Aliye bila kitu anashika ndoo anachota maji, anapasua kuni, analala chini na wafiwa mpaka asubuhi. Hata mlevi wa mtaa analeta kitu: habari za marehemu, zile ambazo familia haikuzijua. Anayefika, anajipiga picha karibu ya sanduku, anakula bukari na kuondoka, tunamjua jina lake. Mama wa makala alileta wimbo wa ndoa yake. Mimi kwa Mudimbe nilileta nini? Picha niliyoitoa kwa mutu mwingine.

Kwa hiyo nimejitengenezea kipimo kimoja cha kuchambua maandishi ya kilio, na ninawapa mkijaribu. Futa jina la marehemu. Soma kilichobaki. Je, unaweza kujua ni nani amekufa? Mwezi mmoja tu baada ya Mudimbe, tarehe 28 Mei 2025, Ngũgĩ wa Thiong'o naye akafa, pia Marekani, miaka 87. Nilitazama tena statusi. Maktaba imeungua. Afrika inalia. Pumzika Profesa. Maneno yale yale, mengine kwa watu wale wale, picha tu imebadilika. Sasa fikiri: mmoja ni mutu aliyefungwa gerezani Kamiti, akaandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, akaamua kwamba riwaya zake hataziandika tena kwa Kiingereza. Mwingine ni mutu aliyekaa kwa watawa Wabenedikto Rwanda akiwa kijana, akaandika kwa Kifaransa na Kiingereza, na kazi yake kubwa ikawa kuonyesha jinsi wamisionari, wasafiri na wanaantropolojia walivyotengeneza hii «Afrika» ambayo sisi wenyewe tunaitumia kujieleza. Watu hawa wawili hawakujibu swali la lugha kwa namna moja. Ungewaweka meza moja wangebishana mpaka usiku. Sisi tukawazika kwa sentensi moja. Na sentensi yenyewe inasema «Afrika», neno ambalo Mudimbe alitumia maisha yake yote kutuambia: mujihadhari, mujiulize limetoka wapi. Kusema kweli, kama angesoma statusi yangu angecheka.

Kuna kosa la pili, na hili tunalifanya hata kwa wale tunaowajua vizuri. Tunawaosha kupita kiasi. Wemba mwaka 2003 alikamatwa Ufaransa, akakaa gerezani miezi kadhaa, na mwaka 2004 mahakama ikampata na hatia ya kusaidia watu kuingia kwa njia isiyo halali, wakipita kama wanamuziki wa kundi lake. Ile wiki ya mwaka 2016 nani alitaja? Ukithubutu, uliambiwa una roho mbaya. Lakini jambo lile si uchafu wa kufuta tu. Ndani yake kuna vijana wa Kinshasa ambao kwao Ulaya ilikuwa ndoto yenye sura ya Wemba, na kofia na viatu vya Wemba. Hauwezi kueleza ukubwa wake bila kueleza jambo lile. Ukilitoa, unabaki na sanamu yenye suti nzuri.

Na Franco je? Alipokufa Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, nchi iliwekwa katika maombolezo siku nne. Nchi ile ile ilimtia gerezani mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo zilizoitwa za aibu. Serikali iliyomfunga ndiyo iliyomlilia. Hakuna somo kubwa kuliko hilo juu ya msanii na utawala kwetu, na utalipata tu kama unakubali kukumbuka vyote viwili kwa pamoja.

Wazee wetu walijua njia ya kufanya hivyo bila kumtukana marehemu. Kwenye kilio cha babu yangu, watani walifika asubuhi, wakazuia sanduku, wakaanza kumwiga: jinsi alivyotembea, jinsi alivyoficha nyama chini ya kitanda, madeni ya pombe. Bibi alicheka huku machozi yanatiririka. Nilikuwa mtoto, nikafikiri ni watu wabaya. Leo naona ndio waliomzika babu yangu mwenyewe, mzima, na nyama yake chini ya kitanda. Wahubiri walizika mutu mwingine, mutakatifu fulani ambaye sikumfahamu. Mchambuzi wa kazi za sanaa angekuwa mtani wa marehemu. Hiyo nafasi kwetu iko wazi.

Kosa la tatu ni kuchelewa. Likasi hiyo hiyo iliyomzaa Mudimbe, ndipo mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja wa gita, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Aliimba kwa Kiswahili, hiki chetu. Gita lake lilisafiri hadi Mwingereza mmoja, John Low, akafunga safari kuja Shaba kujifunza kwake, na mwaka 1982 akatoa kitabu juu ya safari ile. Bosco alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari Zambia. Ninyi wenye miaka 22, ngapi mmemsikia? Siku fulani mutu ataweka picha yake, tutaandika wote «legendi», kisha tutaendelea na mambo mengine. Msanii anayependwa siku moja tu, tena siku ya kifo, hakupendwa.

Najua jibu lenu, kwa sababu ni langu pia. Vitabu viko wapi? Bei yake ni mshahara wa mwezi kwa mwenye mshahara. Mega zinaisha. Ni kweli, na sitamlaumu mutu asiyekula kwa kukosa kununua riwaya. Lakini fedha za beti tunazipata. Na kitabu kimoja kinaweza kupita mikono 20, kama silabusi zilivyopita. Shetani Msalabani ya Ngũgĩ iko kwa Kiswahili tangu miaka ya 80. Si kila mara ni umaskini. Mara nyingine ni kwamba jina la mwandishi linatutosha: tunalivaa kama suti ya kuazima, siku ya sherehe.

Basi nilifanya nini? Sikumjibu yaya ile siku. Nilienda kwa mwalimu mmoja mustaafu, nikaomba kitabu chochote cha Mudimbe. Akanipa Shaba deux, ya 1989, kwa masharti nisikunje kurasa. Ni daftari za mtawa mmoja mweusi, Mama Marie-Gertrude, wakati wa vita vya Kolwezi mwaka 1978. Nilitazamia maneno makubwa ya kifalsafa. Nikakuta mwanamke anayeandika kila siku kazi zake, sala zake na woga wake, huku vita vinamkaribia.

Mama mukubwa wangu alikuwa Kolwezi ile mwaka. Hatujawahi kumuuliza kitu, na yeye hajawahi kusema. Jioni moja nilimsomea kurasa mbili, nikigeuza Kifaransa kwenda Kiswahili chetu polepole, maana mengine sikupata neno. Alikuwa anachambua lengalenga. Akaacha mikono. Akasema: «Soma tena pale.» Nikasoma. Kisha akaanza kuongea, na aliongea mpaka makala yakazimika, vitu ambavyo watoto wake hawajasikia. Mwisho akauliza: «Huyu Profesa ni mutu ya kwetu?» Nikamwambia ni wa Likasi, alikufa mwezi wa nne. «Na kilio yake balilalia wapi?»

Nilifikiria statusi yangu, nikanyamaza.

Sidai kwamba sasa namjua Mudimbe. Nimesoma kitabu kimoja, na kile kikubwa nakisoma sasa kwa Kifaransa, polepole, nikirudia kila ukurasa. Memware yangu iko pale maktabani na uongo wake, siwezi kuirudisha. Lakini wafinalisti wa mwaka huu wanaweza kutofanya kama mimi. Na sisi wengine tuwekeane sharti dogo: kabla ya kuandika pumzika kwa amani, leta kitu kimoja kilichotoka kwa marehemu na kikapita kwako. Ukurasa uliousoma, wimbo uliopigwa kwenu siku fulani, filamu uliyoitazama, hata ubishi ulionao naye. Kama hauna, chukua ndoo uchote maji: tafuta, soma kidogo, kisha rudi. Marehemu hana haraka.

Yaya, najua unasoma ukurasa huu. Jibu la swali lako ni Shaba deux. Nilichelewa, lakini nimesoma mpaka mwisho, na sikukunja kurasa.